Mguu wa mtoto: plasta ya jasi au ya faibaglasi?
Mtoto mdogo akivunjika mguu, plasta nyeupe ya jasi huufuata mguu vizuri zaidi, na bei yake ni nafuu. Lakini ni nzito, tena huchukua saa 24 hadi 72 kukauka kabisa. Muda huo ishike kwa viganja, kwani ncha za vidole huacha vishimo vitakavyomchoma ngozi kwa ndani. Ya faibaglasi (nyuzi laini za kioo zilizopakwa gundi inayoganda) hukauka ndani ya saa moja hivi, na ni nyepesi: mtoto hutambaa akiiburura bila kuchoka. Mimi ningechagua hii, uvimbe ukishapungua. Zote kwa kawaida zina pamba ndani inayolowa, basi plasta ikifika pajani badilisha nepi mapema. Vidole vikivimba au kupoa, rudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku.