Laptop ya HP EliteBook 840 G3 ya mtumba kwa kurekodia nyumbani, miezi 5 nayo hapa Uyole, Mbeya

Wakuu habari za baridi. Hii ni kwa yeyote anayetafuta mashine ya bei ndogo ya kurekodia sauti nyumbani, maana mimi mara ya kwanza niliingizwa mjini na stika ya i7 (jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta). Duka silitaji. Nilitoa laki 4 na nusu nikijua nimepata, kumbe i7 yenyewe ya kizamani, diski ile ya kuzunguka, ukifika traki ya 6 (traki ni sauti moja iliyorekodiwa peke yake) sauti inakatakata, na feni inavuma mpaka inaingia kwenye maiki. Mdogo wangu anaimba taratibu kabisa halafu nyuma yake unasikia vuuu, iliniuma sana kwa sababu ule wimbo aliuimba vizuri na hatukuweza kuutumia.

Hii ya sasa nimeichukua Mwanjelwa, walianza 550,000 tukamalizana 480,000. Prosesa i5-6300U, RAM GB 8, SSD (diski isiyozunguka) GB 256. Namba ndio ya kuangalia jamani, sio i5 au i7, kwa hizi za kizazi cha 2 mpaka cha 9 ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndio kizazi chake, na U ya mwisho maana yake prosesa inakula umeme kidogo kwa hiyo haichemki ovyo, feni inatulia. Koa (viini vya prosesa vinavyofanya kazi) ni 2 tu lakini kwaya ya traki 8 inabeba, ila vionjo vizito (kama mwangwi) usivirundike wakati unarekodi, weka baadaye.

Dukani nilienda na saundi kadi yangu (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta), maiki na hedfoni kwenye begi. Nikamwambia muuzaji kaka naomba nirekodi dakika 10 kwanza, akasita kidogo halafu akasema haya kaa hapo. Nikaweka Reaper, programu ya kurekodia, ile unaijaribu bure siku 60, bafa (ikiwa ndogo sauti haichelewi kwenye hedfoni, ila prosesa inabanwa) nikashusha mpaka 128, nikaongea, nikasikiliza, nikachomoa chaja nikasikiliza tena kwa sababu kuna chaja zinaleta mlio wa umeme kwenye sauti na huwezi kuujua kwa kuangalia tu. Afya ya SSD nikasoma kwa programu ya CrystalDiskInfo. Muuzaji akikukatalia hivyo vyote we ondoka tu.

RAM ina nafasi 2 kwa hiyo niliongeza nyingine ya 8. Nafasi ya diski haijanisumbua, sauti ya ubora wa biti 24 kwa 48 kHz inakula kama MB 9 kwa dakika kila traki.

Shida ni kwamba Windows 11 rasmi haikubali kizazi cha 6, na Windows 10 Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida (masasisho ya usalama) Oktoba 2025. Yangu nimeitoa kabisa kwenye intaneti, ni ya kurekodia tu, faili nahamisha kwa flashi.

Kuna watakaosema kwa hela hiyo chukua deskitopu upate koa 4, ni kweli kabisa, ila kama huna UPS (betri ya akiba) umeme ukikatika katikati ya ubeti kazi imepotea, mimi umekatika mara 2 huku tunaimba na tukaendelea kwa betri ya laptop.

Sasa hivi kinachotusumbua ni bati tu. Mvua ikianza tunasimama, blanketi za ukutani hazisaidii chochote hapo. Juzi tumemalizia sauti ya pili saa 5 usiku mvua ilipokata.