Gugong, Beijing: yuan 60 za mbao, vigae na foleni

Wengi wanaoingia Gugong, kasri la wafalme wa China lililo katikati ya Beijing, hutoka baada ya saa mbili na lalamiko moja: viwanja vikubwa, kumbi zinazofanana, vyumba vitupu, jua la utosini. Hawasemi uongo. Wamekata moja kwa moja kutoka lango la kusini hadi la kaskazini, mita 961, na njia hiyo ilijengwa ili mgeni ajione mdogo, haikujengwa kumfurahisha. Tiketi ni yuan 60 kuanzia Aprili hadi Oktoba na yuan 40 miezi ya baridi. Kwa anayejua aangalie nini, hiyo ni bei ya kutupa. Kwa asiyejua, amelipia kutembezwa juani.

Tiketi kwanza, maana ndipo safari nyingi zinapovunjikia. Langoni haziuzwi. Zinakatwa mtandaoni kwa namba ya pasipoti, na hufunguliwa siku 7 kabla, saa 2 usiku kwa saa za Beijing. Msimu wa likizo, hasa wiki ya kwanza ya Oktoba, zinakwisha upesi mno. Wiki hiyo usiende kabisa. Pasipoti uliyokatia ndiyo tiketi yenyewe, kwa hiyo nakala kwenye simu haikusaidii. Jumatatu pamefungwa, isipokuwa iangukie sikukuu. Milango hufunguliwa saa 2 na nusu asubuhi. Mtu wa mwisho huingia saa 10 jioni, na kuanzia Novemba saa 9 na nusu. Aliyekata tiketi ya mchana akafika saa 8 ataona nusu ya kasri, tena kwa mbio.

Kuingia ni kwa lango la kusini tu, Wumen. Ramani nyingi hukupeleka kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Tiananmen Dong, laini namba 1, na hapo unakutana na foleni ya ukaguzi ya uwanja wa Tiananmen kabla hujaanza foleni ya kasri. Njia nyepesi ni kushuka Jinyu Hutong, laini namba 8, utembee kuelekea magharibi mpaka lango la Donghuamen, kisha ufuate handaki la maji linalozunguka kasri ukielekea kusini mpaka mbele ya Wumen. Donghuamen yenyewe ni ya kutokea, usipoteze muda kubembeleza walinzi. Kiberiti utanyang'anywa kwenye ukaguzi, cha gesi au cha njiti, na hapo hawana utani. Sababu utaiona ndani: karibu kila jengo kubwa limewahi kuungua.

Kwa hiyo ile kauli ya kwamba unaona jumba la miaka 600 ichukue kwa tahadhari. Mfalme Yongle, aliyempindua mpwa wake mwaka 1402, alianza ujenzi mwaka 1406 na ukakamilika 1420. Mwaka 1421, miezi michache tu baada ya kuhamia rasmi kutoka Nanjing, radi ikateketeza kumbi tatu kuu. Zilikaa miaka 20 bila kujengwa upya. Ukumbi wa Taihe unaoonekana leo, wenye kiti cha enzi, ni wa miaka 1695 hadi 1697, enzi ya mfalme Kangxi. Chenye miaka 600 ni ramani: kuta, handaki, mhimili wa kusini hadi kaskazini, na mpangilio wa nyua. Mbao zimebadilishwa mara kadhaa, na ubora wake ulishuka njiani. Yongle alitumia miti ya nanmu iliyokatwa Sichuan, Guizhou na Yunnan. Kufika wakati wa Kangxi miti mikubwa ya namna hiyo ilikuwa imekwisha, wakatumia msonobari, na palipokosekana gogo nene wakaunganisha vipande kuzunguka kiini.

Yongle huyo ndiye aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, na sarafu ya shaba ya enzi yake, yenye tundu la mraba katikati, ilifukuliwa kisiwani Manda mwaka 2013.

Sasa jengo lenyewe. Kila muongozaji atakupa hadithi ya vyumba 9,999 na nusu. Hesabu ya mwaka 1973 ilipata zaidi ya 8,700, na hata hivyo si vyumba. Kinachohesabiwa ni jian, yaani nafasi iliyo kati ya nguzo nne. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji maelezo marefu: katika nyumba ya mawe, upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti la mkoko, ndiyo maana vyumba vikawa virefu na vyembamba. Hapa ni hesabu ile ile, ila mti ni mwingine. Taihe ina nafasi 11 upande wa mbele, 5 kwenda ndani, na nguzo 72, sita za katikati zikiwa zimepakwa dhahabu na kuzungushiwa majoka. Idadi ya nafasi ndiyo cheo cha jengo. Ukijua kuihesabu, utajua hadhi ya aliyekuwa akikaa humo bila kusoma kibao.

Nguzo hazikuchimbiwa chini. Zimekalishwa juu ya mawe, na uzito wa paa ndio unaozishika. Kuta hazibebi paa, ni za kuziba tu. Ardhi ikitikisika, nguzo husogea kidogo na viungo vya ulimi na tundu hulegea na kukaza bila kukatika; tetemeko la Tangshan la Julai 1976, lililotikisa Beijing nzima, halikuziangusha kumbi hizi. Chini ya ukingo wa paa tazama vile vipande vya mbao vilivyopandana kama viganja vilivyokunjuliwa, vya buluu na kijani. Ndivyo dougong. Hupokea uzito wa ukingo na kuuteremsha kwenye nguzo, na kwa sababu hiyo ukingo unaweza kutokeza mbali, mvua isifike ukutani. Ukweli ni kwamba hapa vimekuwa vidogo na vingi kuliko vya mahekalu ya zamani zaidi. Kufika enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme, vilikuwa nusu kazi, nusu pambo.

Adui wa nguzo ni unyevu. Ile rangi nyekundu si rangi tupu: chini yake kuna nyuzi za katani zilizogandishwa kwa uji wa unga wa matofali, damu ya nguruwe na mafuta ya mti wa tung, tabaka juu ya tabaka. Jua likilipasua gamba hilo, maji hupenya na mti huoza ndani kwa ndani huku nje pakionekana pazima. Nguzo zilizofichwa ukutani ndizo zenye hatari zaidi, kwa hiyo mafundi waliacha pa kupumulia. Ukipita kando ya ukuta wa ukumbi wowote, inama uangalie chini kabisa: kuna tofali dogo lililochongwa maua na majani, lenye matundu. Wengi hudhani ni urembo. Ni dirisha la nguzo. Jengo zima la Taihe lingeweza kuelezwa kwa tofali hilo moja, lakini hakuna kibao hata kimoja kinacholitaja, wala msongamano mlangoni haukupi nafasi ya kutazama chini.

Msongamano huo ni kasoro kubwa ya ziara. Kumbi kuu haziingiliki. Unachungulia mlangoni, watu safu nne mbele yako wameinua simu, na ndani ni giza kwa sababu ukingo wa paa ni mpana. Darubini ndogo itakufaa kuliko kamera nzuri. Na usipoteze dakika 20 kupigania picha ya kiti cha enzi. Rudi nyuma hatua 50 uangalie paa.

Kwenye pembe za paa kuna safu ya wanyama wadogo, mbele yao mtu aliyepanda ndege. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kufunika misumari inayozuia vigae vya ukingoni visiteleze. Baadaye wakawa vyeo. Ukumbi wa Qianqing una 9, Jiaotai 7, na Taihe peke yake ina 10. Wa kumi anafanana na nyani mwenye mabawa, na humpati kwenye paa jingine humo ndani. Vigae vya njano ni vya mfalme. Tafuta paa jeusi upande wa mashariki, jengo la Wenyuan lililokamilika mwaka 1776: lilikuwa maktaba, na rangi nyeusi kwao ni ya maji, kinga dhidi ya moto. Kinga ya kweli ilikuwa mapipa ya shaba na chuma yaliyowekwa viwanjani, zaidi ya 300, ambayo wakati wa baridi yaliwashiwa mkaa kwa chini maji yasigande. Yaliyopakwa dhahabu yana mikwaruzo. Inasemekana ni ya visu vya askari wa kigeni mwaka 1900.

Ukinyeshewa usikimbilie getini. Kumbi tatu kuu zimesimama juu ya jukwaa la mawe meupe la ngazi tatu, lenye vichwa vya majoka 1,142, na kila kimoja ni mfereji. Mvua kubwa ya Julai ikishuka vyote vinatema maji kwa pamoja. Kasri zima limeinamishwa kuelekea kusini, tofauti ya mita 2 hivi kati ya kaskazini na kusini, kwa hiyo maji hayatuami.

Nyuma ya ukumbi wa Baohe, wa tatu kati ya zile kumbi kuu, kuna jiwe la kuchongwa lililolazwa katikati ya ngazi: urefu mita 16.57, upana 3.07, unene 1.7, uzito zaidi ya tani 200. Lilitoka machimbo ya Fangshan, kusini magharibi mwa mji. Mawe ya namna hii yalivutwa majira ya baridi juu ya barafu, kwa tela lisilo na magurudumu, maji yakimwagwa mbele yake ili liteleze. Kumbukumbu za mwaka 1557 zinataja jiwe la tani 123 lililosafiri kilomita 70 kwa siku 28. Magurudumu yangevunjika.

Kuhusu vyumba vitupu: si uzembe wa waliopo. Mfalme wa mwisho, Puyi, alifukuzwa mwaka 1924, kasri likawa makumbusho Oktoba 10, 1925, na mwaka 1933, Wajapani walipokaribia, hazina zilipakiwa kwenye makasha zaidi ya 13,000 na kupelekwa kusini. Sehemu ya zile bora iliishia Taiwan mwaka 1948 na 1949. Vilivyobaki ni vingi mno, lakini havionyeshwi kwenye mhimili wa kati. Viko pembeni, na pembeni ndiko pa kutumia muda.

Mpango unaofaa ni huu. Ukishapita Wumen, pinda kushoto kwanza, uende ukumbi wa Wuying, kwenye maonyesho ya vyombo vya udongo. Umo ndani ya tiketi ile ile na asubuhi huwa na nafasi. Bakuli za buluu na nyeupe za enzi ya Ming, ukoo wa Yongle, zilizomo ni jamaa wa zile zilizopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi. Kisha rudi katikati, upite kumbi tatu kuu na majumba matatu ya ndani. Huko ndani kwenye Kunning, jumba la tatu, usipite haraka: mlango wake hauko katikati kama wa majengo mengine, na ndani kuna kitanda kirefu cha matofali kinachopashwa moto kwa chini. Wamanchu, watu wa ukoo wa Qing, walipotawala waliligeuza kuwa mahali pa ibada zao za mizimu, nguruwe wakachemshwa humo humo. Ni jengo pekee kwenye mhimili lenye harufu ya watu.

Baada ya hapo rudi hadi uwanja wa mbele ya lango la Qianqing, ushike mashariki kwenda Ningshou, mahali mfalme Qianlong alipojijengea pa kustaafia. Kiingilio ni yuan 10 za ziada, kata pamoja na tiketi. Ukuta wa Majoka Tisa, wa mwaka 1772, umeungwa kwa vipande 270 vya vigae vya kung'aa. Simama mbele yake, hesabu kutoka mashariki, yaani kushoto kwako, hadi joka la tatu, jeupe. Tumboni kuna kipande kisichong'aa kama vingine. Ni mbao. Inasimuliwa kwamba kigae kilivunjika na fundi, akiogopa kukatwa kichwa, akachonga cha mti usiku na kukipaka rangi. Hadithi iwe ya kweli au ya kupambwa, mbao ipo na rangi imeshambuka.

Kwa mpango huu tenga muda wa saa 5 na viatu vya soli nene, maana mawe hayako sawa na vizingiti ni virefu. Mwenye kigari cha mtoto atachoka kukibeba. Viwanja vya mbele havina mti hata mmoja, kofia ni lazima kuanzia Juni. Chakula cha ndani ni cha bei ya watalii, kula kabla.

Ukitoka lango la kaskazini, Shenwumen, huwezi kurudi tena ndani. Vuka barabara, lipa yuan 2, upande kilima cha Jingshan, kilichorundikwa kwa udongo uliochimbwa kwenye handaki. Fika juu saa moja kabla ya jua kuzama, ukiwa umetazama kusini: ndipo utaona paa zote za njano kwa safu, na kumbi zile tatu zikiwa kwenye mstari mmoja.