Kliniki ya viungo Upanga: foleni ndefu, daktari makini

Kwa miezi minane nilitibiwa vipande vipande: uvimbe wa mtulinga niliupeleka kwa daktari wa mifupa, vipele vya usaha viganjani nikavipeleka kwa wa ngozi, na kila mmoja akaniandikia antibiotiki zake bila kuuliza habari za mwenzake. Katika kliniki hii ndogo, ambayo nimeihudhuria mara nne, daktari alinivua kandambili kabla hajafungua faili. Alibonyeza kwa kidole kimoja pale mtulinga unapokutana na kidari, nikaruka. Kisha akavuta taa na kutazama nyayo na viganja, ambako vipele vilikuwa vimekauka na kuacha madoa ya kahawia.

Aliutaja ugonjwa huo kuwa SAPHO, jina ambalo madaktari wa Ufaransa waliliunda mwaka 1987 kutokana na herufi za mwanzo za majina ya Kifaransa ya dalili zake: uvimbe wa viungo, chunusi, vipele vya usaha, mfupa kunenepa na mfupa wenyewe kuvimba. Alinieleza, bila haraka, kwamba hakuna kipimo kimoja cha damu kinachouthibitisha, na kwamba dalili za ngozi na za mifupa zinaweza kupishana kwa miaka. Ndiyo maana alitaka kwanza kinyama kikatwe kwenye mtulinga ili kuondoa shaka ya kifua kikuu na ya saratani. Alinichorea hata jinsi skani ya mifupa inavyoweza kuonyesha umbo kama kichwa cha fahali, mitulinga ikiwa pembe. Sasa natumia dawa za kupunguza uvimbe, na zisipotosha tutajaribu methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Hakuniahidi kupona, jambo lililonifanya nimwamini zaidi.

Mapokezi ni habari nyingine. Miadi ya saa 3 asubuhi niliingia saa 7 mchana, wakati wanaofahamiana na wahudumu wakipitishwa mlango wa pembeni, na kwamba bima yangu hailipii dawa mojawapo niliambiwa nikiwa tayari dirishani. Faili langu nalo lilipotea mara moja, likapatikana chini ya birika la chai.

Hata hivyo nitarudi mwezi ujao. Anayekwenda abebe picha zake zote za eksirei, zikiwemo za zamani, na avae viatu vinavyovuliwa upesi.