TAHADHARI: Nyumba ya vyumba sita Ngamiani, Tanga, "inahitaji ukarabati kidogo"

Ndugu zangu, hasa mnaotafuta nyumba Tanga mkiwa mbali, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi.

Nyumba yenyewe ipo kweli, si picha za kuokota. Vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uwani mpana wenye mwembe. Bei milioni 65. Nimeingia mwenyewe: bati limeliwa na kutu, dari ya chumba cha kwanza inaning'inia, lakini milango bado ni ile ya mbao nzito ya zamani. Niliipenda mno, nikaanza kupiga hesabu za fundi palepale.

Jambo moja nililiona nikalipuuza. Nyumba nzima haijaonja rangi miaka na miaka, ila kando ya mlango wa mbele palikuwa na kipande cha ukuta kimepakwa chokaa mbichi. Muuzaji akasema alikuwa anajaribu tu aone itakavyopendeza.

Muuzaji ni mtoto halali wa marehemu mwenye nyumba, mpole, anaongea kwa adabu. Alinionesha nakala ya hati yenye jina la baba yake, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo uliogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Nikatoa kishika uchumba, milioni 3, tukaandikishana mbele ya dalali.

Wiki ya pili nikarudi na fundi apime paa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Chokaa imelowa, na chini yake zimejitokeza herufi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Miguu iliniisha nguvu. Mama mmoja akatoka ndani, akanitazama, akasema, "Mwanangu, na wewe umeshampa hela?" Ni dada yake muuzaji, anaishi humo na wanawe. Warithi wako watano, na mimi ni mtu wa tatu kulipa.

Naomba hili mlishike: muhtasari wa kikao cha ukoo unapendekeza tu jina la msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama. Mhuri wa mtaa haumpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Daini barua ya uteuzi, chukueni namba ya shauri, mwende wenyewe mahakama iliyotajwa mkaulize. Halafu fanyeni upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati. Mimi nilikwenda nikiwa nimeshalipa, nikakuta zuio la yule dada limesajiliwa zamani. Ningeanza huko, milioni 3 zangu ningekuwa nazo.

Polisi nimeripoti, RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo. Muuzaji hapokei simu, dalali anasema yeye alikuwa shahidi tu.

Juzi tangazo limerudi kwa namba nyingine ya simu. Bei sasa milioni 55, na picha ya mbele imekatwa mlangoni, ule ukuta hauonekani.