Rekodi za SQL Server Profiler: faili au jedwali?

Ukipima mwendo wa hifadhidata kwa SQL Server Profiler, yaani zana inayorekodi matukio ya seva ya SQL Server kama vile maulizo inayoyatekeleza, rekodi hiyo unaweza kuiweka kwenye faili la .trc au moja kwa moja kwenye jedwali.

Jedwali linavutia. Unaandika SELECT (amri ya kusoma data), unapanga kwa safu ya Duration (muda uliotumika), na maulizo mazito yanajitokeza yenyewe. Ila kila tukio huandikwa kama mstari mpya, na jedwali likikaa kwenye seva ileile unayoipima, unaiongezea mzigo huku ukidai unatafuta kinachoilemea.

Faili ni jepesi zaidi. Likijaa hufunguliwa jingine, na unaweza kulibana, kulihamisha au kumtumia mwenzako. SELECT nayo huikosi: fn_trace_gettable, funksheni ya SQL Server, hulisoma faili kama jedwali, tena baadaye, kwenye mashine nyingine. Ndiyo maana kwa seva inayohudumia watu sioni sababu ya kuchagua jedwali. Hilo liachie seva ya majaribio.

Angalizo dogo: kwa kawaida skrini ya Profiler huonyesha Duration kwa milisekunde, lakini ikishahifadhiwa, kwenye faili au jedwali, ni mikrosekunde. Ukiona 2000000, hizo ni sekunde 2 tu.