Chati ya Bomu la Atomiki: inunue, lakini shika kalamu kwanza

Kwenye maduka ya vifaa vya skuli Darajani, Unguja, inauzwa chati ya ukutani inayoeleza jinsi mabomu ya kwanza ya atomiki yalivyotengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ina sentimita 90 kwa 60, Kiswahili chake kinasomeka, bei shilingi 18,000. Kwa mwalimu wa historia au fizikia wa sekondari fedha hiyo haipotei, ila kuna makosa matatu ya kurekebisha kabla haijatundikwa.

Uzuri wake umo katikati, kwenye mchoro wa kinu cha nyuklia cha Hanford, jimbo la Washington. Mchoraji ameonesha uso wa kinu ulivyo: matundu 1,500 ya kutilia urani, yaliyojipanga duara kwa nyeusi, na mengine 504 ya pembeni kwa nyekundu. Hayo mekundu ndiyo yaliyookoa kazi. Kinu kilipowashwa mwishoni mwa Septemba 1944, nguvu ilipanda kwa saa kadhaa, halafu ikaanza kushuka yenyewe mpaka kikazimika. Kikaamka, kikazimika tena. Mkosaji alikuwa zenoni-135, gesi inayozaliwa humo humo ndani urani inapopasuka, nayo humeza kwa pupa nyutroni, yaani chembe zinazoipasua urani. Kila baada ya saa 9 hivi nusu yake huoza, ndiyo maana kinu kilikuwa kikifufuka. Wahandisi wa DuPont, kampuni iliyojenga kinu, walikuwa wameongeza matundu 504 juu ya hesabu ya wanafizikia, kwa tahadhari tu. Yalipojazwa urani, nyutroni zikatosha na kinu kikaendelea kuigeuza urani kuwa plutoni, metali nyengine ya kutengenezea bomu. Mwanafunzi asimame hapo ayahesabu matundu ya pembe moja kwa kidole, somo litamkaa.

Sasa makosa. La kwanza ni mshale wa madini ya urani. Chati imeyatoa mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ikayapitisha bandari ya Dar es Salaam. Sivyo. Mwaka 1940 tani 1,200 hivi zilikwenda magharibi hadi Lobito, Angola, zikapakiwa meli kwenda New York na kuwekwa ghalani Staten Island. Aliyezihamisha ni Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, na jeshi la Marekani lilikuja kuzinunua Septemba 1942. Futa mshale, chora mwengine. Hata hivyo mchapishaji anastahili shukrani kwa kuanzia Katanga, kwa wachimbaji wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Chati nyingi huanzia Los Alamos, maabara ya Marekani yalikoundwa mabomu, kana kwamba urani iliota kule.

La pili ni zito zaidi. Chini ya tarehe 16 Julai 1945 imeandikwa kwamba jangwani New Mexico lilijaribiwa "bomu la Hiroshima". Lililojaribiwa ni la plutoni, ndugu wa lile la Nagasaki. La Hiroshima lilikuwa la urani na halikujaribiwa kabisa: njia yake ya kurusha kipande kimoja cha urani kwenye kingine, mfano wa bunduki, iliaminika, na urani iliyosafishwa haikutosha kuchezewa. Kwa plutoni njia hiyo ilikataa, ikaachwa Julai 1944. Ikabidi plutoni ibanwe kutoka pande zote kwa mpigo mmoja, jambo ambalo hakuna aliyekuwa na hakika nalo. Ndiyo sababu ya jaribio. Mwanafunzi akilikosea hili, hatajua kwa nini kulikuwa na aina mbili za mabomu.

La tatu ni la kipimo: madini ya fedha (si pesa) yaliyoazimwa kutoka hazina ya Marekani kwa ajili ya nyaya za sumaku za Oak Ridge, kiwanda cha kusafishia urani, maana shaba ilihitajika vitani, yalikuwa tani 13,300 hivi. Chati imeandika kilo.

Kinachouma ni kona ya mwisho. Wingu la moshi limepewa robo nzima ya karatasi, na watu hawamo. Mpaka mwisho wa 1945 Hiroshima ilikuwa imezika takriban watu 140,000, na Nagasaki takriban 70,000. Andika idadi hizo kwa wino mzito chini ya picha.

Kuhusu kuitundika: karatasi ni nyembamba na haina plastiki. Kwenye kuta za chokaa za Mji Mkongwe zinazotoka chumvi, selotepu haidumu na kingo zitaanza kujikunja. Ibandike kwanza kwenye ubao mwembamba, ndipo uupigilie misumari. Anayeipeleka Pemba aizungushe kwenye bomba la plastiki. Ikikunjwa, mkunjo unapita katikati ya mchoro wa kinu na matundu mekundu yanabanduka rangi.