Tahadhari: "Ndumakuwili" Anayeuzwa kwenye Vidumu Mtwara na Lindi Ana Sumu

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayepita mitaani na kwenye mashamba ya mikorosho akiuza nyoka wa ardhini kwa jina la ndumakuwili, akidai kwamba ni mpole, hana sumu, na kwamba ukimfuga uani atakumalizia mchwa wote. Mdogo wangu amekatwa pingili ya kidole cha shahada kwa sababu tulimwamini.

Udanganyifu wenyewe hufanyika hivi. Muuzaji huja na nyoka mmoja mkononi, na huyo ni nyoka kipofu wa kweli, mwenye macho yanayoonekana kama vidoa viwili vyeusi chini ya magamba, ambaye hata mtoto akimshika hamdhuru. Ni kweli pia kwamba nyoka kipofu hula mchwa na mabuu ya sisimizi. Ukishalipa, na sisi tulilipa shilingi 40,000 kwa wawili, hupewi yule uliyemwona, bali unakabidhiwa kidumu cha lita 5 chenye mchanga na matundu, pamoja na agizo ambalo ndilo lililotuponza: usiguse mkia, kwa kuwa sumu yote iko kwenye mwiba wa nyuma.

Mwiba ule hauna sumu. Nyoka kipofu anao, na humsaidia kujikita anapojisukuma ardhini. Nyoka tuliyeuziwa naye mkia wake ni mfupi na umeishia kwa ncha kali, ndiyo maana mtu asiyejua huwadhania kuwa ni wamoja. Jina lake la kitaalamu ni Atractaspis bibronii. Ana rangi ya kahawia iliyokolea kuelekea weusi, kichwa chembamba kisichotofautiana na shingo, na urefu wa nusu mita hivi. Chonge zake ni ndefu mno kwa kichwa kidogo namna ile, na huitoa moja kando ya mdomo bila kufumbua kinywa, kisha huchoma kwa kukiinamisha kichwa na kukivuta nyuma. Ule ushikaji wa nyuma ya kichwa, unaowakinga washikaji dhidi ya nyoka wengi, kwa huyu hukiweka kidole mahali hasa chonge inapofika.

Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyomshika, akiukwepa mkia kama tulivyoagizwa, alipokuwa akimhamishia kwenye sanduku la kioo. Maumivu yalianza papo hapo, usiku ule mkono ukavimba hadi kiwiko, na baada ya siku chache ncha ya kidole ikawa nyeusi. Hospitalini alipewa dawa za maumivu na sindano ya pepopunda, akasafishwa kidonda, na mwishowe pingili ikakatwa. Wengi huuliza kwa nini hakupewa dawa ya sumu ya nyoka. Ile iliyozoeleka, inayotengenezwa Afrika Kusini, haizuii sumu ya jamii hii, hivyo mgonjwa hutibiwa kwa kadiri ya dalili zake. Kumchanja, kumfunga kamba au kumwekea jiwe jeusi humwongezea madhara na kumcheleweshea matibabu.

Dalili kwamba nyoka wetu si nyoka kipofu tuliiona mapema na tukaipuuza, jambo linaloniuma hadi leo. Kwa wiki mbili tulimletea udongo wa kichuguu uliojaa mchwa, naye hakugusa hata mmoja. Kisha asubuhi moja tukakuta amemmeza mjusi aliyeingia kidumuni. Nyoka kipofu hawezi kufanya hivyo, kwa maana kinywa chake ni kidogo mno.

Aliyekwisha kununua asimimine mchanga wala asiingize mkono. Ikiwa nyoka yuko kwenye chombo kinachoonesha ndani, mtazame tumboni akiwa humo humo: magamba ya tumbo la nyoka kipofu ni madogo sawasawa na ya mgongoni, ilhali huyu mwenye sumu ana magamba mapana yanayokatiza tumbo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiona mwili umejaa pete kama mnyoo, huyo si nyoka kabisa, bali ni mjusi asiye na miguu anayeishi chini ya ardhi. Aina mojawapo ya mijusi hao imepewa jina la kisayansi kutokana na Rondo yetu ya Lindi, nami nasikitika kwamba nao wanachimbuliwa na kufia kwenye vidumu. Huku kutambua kwa macho kusikupe ujasiri wa kumshika, kwa kuwa wako nyoka wengine weusi wa ardhini wanaofanana naye sana.

Nakiri pia kwamba sisi wenyewe tulikosea kununua. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kukamata na kumiliki wanyama hawa, na muuzaji huyu hakutuonesha kibali chochote. Maneno yake kwamba ana wateja wa ng'ambo yasimshawishi mtu kuwekeza fedha, kwa kuwa Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016.

Kidumu chetu cha pili hatukukifungua. Tulikifunika kwa ndoo, tukaweka tofali juu, tukamwita ofisa wanyamapori wa halmashauri, naye alikuja kukichukua. Mwenye kidumu cha namna hiyo nyumbani afanye vivyo hivyo leo, kabla watoto hawajarudi kutoka shuleni.